Anunuaye Dawa na Abebaye Bomba

(Maneno ya hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mafunzo ya wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya watumishi wa serikali wanaopelekwa nchi za nje kusimamia misaada, na jinsi wanavyofundishwa kununua vitu na kulinda afya ya watu. Najua wengine wenu mnajiuliza, jambo hilo latuhusu nini sisi? Sisi hatutii sahihi mikataba. Lakini ndugu zangu, dawa inayotiwa sahihi mezani huishia mgongoni mwa mtu abebaye bomba, na mtu huyo ni mwenzetu. Kwa hiyo yatupasa kujua aliyenunua alifundishwa nini, na kama mafunzo yale yamefika mpaka kwetu.

Nitawapa habari moja ya kweli. Ilitokea Pakistan mwaka wa 1976.

Serikali ya Pakistan, kwa msaada wa Marekani, ilikuwa na kazi kubwa ya kupiga vita malaria. Kwa miaka mingi watu wa bomba walikuwa wakinyunyiza DDT katika kuta za nyumba. Mbu wakaizoea, ikawa haiwaui. Basi ikaletwa dawa nyingine, jina lake malathioni. Kunyunyiza kulikuwa kule kule, mabomba yale yale, na desturi za kazi zile zile za siku za DDT. Lakini dawa hii haikuwa ndugu ya DDT. Ilikuwa ya jamii nyingine, inayoshika mishipa ya fahamu.

Watu wa bomba walikuwa kama 7,500. Mwezi wa Julai ugonjwa ukapamba moto. Macho yalikuwa hayaoni sawasawa, kichwa kikizunguka, watu wakitapika. Wataalamu walipokuja kuhesabu, walikadiria kwamba watu 2,800 walikuwa wamepatwa na sumu mara moja au zaidi. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya wafanya kazi wote. Watano wakafa.

Sasa sikilizeni sababu, maana hapo ndipo penye mafunzo. Wataalamu walipima hewa, wakaona dawa iliyomo ni kidogo sana. Sumu haikuwa ikivutwa puani. Ilikuwa ikipita katika ngozi: dawa imemwagika mikononi, imelowesha nguo, na mtu anashinda nayo mwilini mchana kutwa. Hiyo ni sababu ya kwanza, nayo ni ya kazi. Sababu ya pili ilikuwa katika dawa yenyewe. Dawa zilizonunuliwa hazikulingana. Nyingine zilikuwa na kitu kinachoitwa isomalathioni, ambacho huzaliwa malathioni inapoharibika, na joto la stoo hukiongeza. Kitu hicho huizuia mwili kuivunja dawa, ndipo sumu ikazidi nguvu. Waliotumia dawa yenye kitu hicho kingi ndio walioumia zaidi.

Mwezi wa Septemba wafanya kazi walifundishwa namna salama ya kuishika dawa, na dawa zile mbaya kabisa zikazuiwa. Ugonjwa ukakoma. Ndugu zangu, dawa ya ugonjwa ule ilikuwa mafunzo na ununuzi mwema. Vyote viwili vingeweza kufanywa kabla ya mtu wa kwanza kuanguka.

Mimi nimekaa stoo miaka mingi, nami nasema haya kwa kuwa nayajua. Mzigo mpya ukiingia hupangwa mbele, na wa zamani husukumwa nyuma, chini ya mabati, kwenye joto. Anayekuja kuchukua hupewa kilicho karibu na mlango. Siku moja kile cha mbele kimekwisha, na cha nyuma kinatolewa, nacho tarehe yake imepita. Karani hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa iliyokaa yaweza kugeuka kuwa kitu kingine.

Kule Marekani mambo yalikuwa yamekwisha kuanza kusemwa. Shirika lao la misaada, USAID, liliundwa mwaka wa 1961. Mwaka wa 1975 vyama vya raia wa Marekani wenyewe vililipeleka mahakamani, vikidai kwamba lanunua dawa za sumu kwa ajili ya nchi nyingine bila kupima madhara yake. Shauri likaisha kwa mapatano, na mwaka wa 1976 zikaanza kanuni mpya. Tangu hapo ofisa wa misaada alitakiwa ajibu maswali kabla ya kununua dawa ya wadudu, na kanuni zile zikaja kuyapanga maswali hayo kuwa mambo 12.

Sitayataja yote, ila yale yanayotugusa. Kwa nini imechaguliwa dawa hii na si nyingine? Sumu yake ni ya namna gani, ya leo na ya miaka ijayo? Itanyunyizwa vipi, na je, vyombo na mavazi ya kujikinga yapo? Nchi inayopewa inaweza kusimamia kuigawa, kuiweka, kuitumia na kuitupa? Wanaoishika watafundishwaje? Na nani ataangalia baadaye kama yote yamefanywa?

Hayo ni maswali mazuri. Watumishi wa misaada walifundishwa kuyauliza. Lakini mtaona kwamba yote huulizwa mezani, na majibu huandikwa katika karatasi. Karatasi yaweza kusema “mavazi yapo” na mavazi yakawa katika sanduku lililofungwa, au yakawa ya kipimo cha mtu mmoja. Wazee walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ajuaye kama glavu zinavuja ni yule aliyezivaa.

Msidhani ni habari za mbali. Hapa kwetu, kunyunyiza nyumba kwa msaada wa Marekani kulirudi Migori mwaka wa 2017, na Homa Bay mwaka wa 2018. Dawa iliyotumika iliitwa pirimifosi-methili. Nayo ni ya jamii ile ile ya malathioni. Sisemi kwamba waliumia kama wale wa Pakistan. Kanuni zilikuwa zimekwisha kuwekwa, na dawa hii ina faida yake kubwa, kwa kuwa malaria huua watoto wetu. Nasema tu kwamba yule mwenye bomba lazima ajue ashikacho.

Na jambo jingine. Mwezi wa Julai mwaka wa 2025 USAID ilikoma kufanya kazi zake za misaada, na zilizobaki zikatiwa chini ya wizara yao ya mambo ya nje. Watu wengi waliokuwa wamefundishwa maswali yale wakaachishwa kazi. Maarifa ya miaka mingi yaliondoka pamoja nao. Basi anayenunua kesho, akiwa ni mgeni au ni serikali yetu wenyewe au kaunti, ni nani atakayemwuliza?

Nasema tumwulize sisi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 imetupa mlango. Yamtaka tajiri atoe mafunzo na mavazi ya kujikinga. Penye wafanya kazi 20 au zaidi, pawe na kamati ya usalama, na wajumbe wa wafanya kazi wawemo. Mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu na akamwarifu msimamizi wake, hapaswi kulazimishwa kurudi pale mpaka hatari imeondolewa.

Kwa hiyo naomba kila tawi lichukue mambo manne. Kwanza, mjumbe wetu aone maandishi ya dawa kabla haijafunguliwa: jina, tarehe, na maonyo katika lugha tunayoisoma. Pili, stoo itoe cha zamani kwanza, na kilichopita tarehe kitengwe, kisiguswe. Tatu, pawe na maji na sabuni mahali pa kazi, nguo iliyolowa ivuliwe pale pale, wala isipelekwe nyumbani kufuliwa na mama watoto. Nne, wanaoshika dawa za jamii hii wapimwe damu kabla ya kazi na wakati wa kazi, na aliyepungukiwa aondolewe kwenye dawa bila kukatwa mshahara. Hili la mshahara tulishike sana, maana mtu akijua atakatwa, ataficha ugonjwa.

Mwenzako akianza kutoka jasho jingi na mate, akatapika au akasema haoni vizuri, msingoje jioni. Mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji, mpelekeni hospitali pamoja na karatasi ya dawa, ili daktari ajue ni sumu gani.

Ndugu zangu, wale watano wa Pakistan walikuwa wakilinda watoto wa wenzao na malaria. Kazi yao ilikuwa njema. Waliokosa ni waliowapa dawa bila kuwapa maarifa yake. Sisi tusikubali kupokea kimoja bila kingine.

Sasa nangoja maswali yenu.