Pedi ya Mchezo Inayomfaa Kila Mtoto
Mazungumzo kwa vijana, wazazi na mafundi wa vifaa vya umeme



Pedi zinazotumika katika vibanda vya michezo ya video mitaani zilitengenezwa kwa mtu mwenye mikono miwili yenye nguvu. Kidole gumba cha kushoto humwongoza mchezaji, cha kulia hupiga pasi na kufunga bao, na vidole vya shahada hubonyeza vitufe vya juu. Mtoto ambaye mkono wake mmoja umepooza huketi kando akiwatazama wenzake. Mchezo anaujua vizuri. Kinachomshinda ni pedi.

Kizuizi hicho kinaweza kuondolewa kwa maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, inayofanya kazi iliyoandikiwa na mtu. Bodi za Arduino zilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasio wahandisi waweze kuzitumia. Kwa kazi hii, Arduino Leonardo inafaa sana kwa sababu chipu yake, ATmega32U4, ina USB ndani yake. Ikichomekwa kwenye kompyuta, inaweza kujitambulisha kama kibodi, kipanya au pedi.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Kila kitufe huunganishwa kwa nyaya mbili: mmoja kwenye pini ya bodi, mwingine kwenye graundi. Programu huwasha ukinzani wa ndani wa pini. Kitufe kisipobonyezwa, pini husoma 1; kikibonyezwa, husoma 0. Kitufe hicho kinaweza kuwa kipana kama kisahani, kikawekwa mezani, kando ya goti au chini ya mguu, mahali popote mtoto anapoweza kufika bila kuumia.

Msaada mkubwa zaidi umo katika programu, na kuna mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, vyuma vya kitufe hudundadunda kwa milisekunde chache vinapogusana, na mbonyezo mmoja ukahesabiwa kuwa mitatu. Programu isubiri kidogo kabla ya kusoma tena. Pili, mtoto asiyeweza kushikilia kitufe kwa muda mrefu huandikiwa kitufe cha kufunga: akibonyeza mara moja kinabaki kimeshikiliwa, akibonyeza tena kinaachiliwa. Tatu, kwa mkono unaotetemeka, programu ikubali mbonyezo uliodumu kwa muda fulani tu, kwa mfano milisekunde 80, na kupuuza mguso wa bahati mbaya. Kipimo hicho hubadilishwa kulingana na mtoto mwenyewe.

Tahadhari nazo ni muhimu. Pedi isiyo na waya huweza kuwa na betri ya lithiamu. Itolewe kabla ya kulehemu, isitobolewe wala kupashwa moto. Volti za bodi na za pedi zilingane, la sivyo pedi inaweza kuungua. Mashine za kisasa za PlayStation na Xbox hukagua pedi kabla ya kuikubali, hivyo ni vyema kuanza na michezo ya kompyuta. Tena, ufundi huu usitumiwe kubonyeza vitufe kwa kasi isiyo ya binadamu ili kuwadanganya wachezaji wengine.

Kampuni kubwa pia zimeliona hitaji hili. Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller mwaka 2018, na Sony ikatoa pedi yake iitwayo Access mwaka 2023. Hapa nchini, Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Fundi wa mtaani anaweza kuisogeza haki hiyo karibu na mlango wa nyumba.

Mzazi aanze kwa kumtazama mtoto: ni kiungo gani anakisogeza kwa hiari yake, na kwa nguvu kiasi gani? Fundi asikilize kabla ya kushika waya. Naye kijana anayejifunza programu aanze na kitufe kimoja, kisha aongeze. Kitufe kinachomwezesha mtoto kufunga bao leo kinaweza kesho kumwezesha mgonjwa aliyelala kitandani kupiga kengele na kuomba maji.