Hasira ya Kijana na Simu Mkononi



Zamani tusi lilitembea kwa miguu toka mtaa hadi mtaa. Mara nyingi hasira ilipoa njiani. Leo picha ya maiti, bila tarehe wala mahali, inamfikia mtoto wa miaka 15 kitandani kupitia WhatsApp. Anatetemeka. Kabla ya kuuliza mtu, amekwisha kuituma kwa wenzake na kutukana kabila zima.

Wazazi, kunyang'anya simu hakutoshi: ataazima ya rafiki. Muulizeni kwanza ameona nini, na amesikia nini moyoni.

Nanyi vijana, sheria yetu ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu hata anayepitisha uongo juu ya mtu, si mwanzishaji peke yake. Picha ikikuchoma, weka simu chini hadi asubuhi, kisha mwonyeshe mkubwa unayemwamini.