Kitabu cha Imani na Jirani Mlangoni

(Mazungumzo na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Tibirinzi, Pemba)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya usomaji wa vitabu vya imani na vya mawasiliano. Katika kabati letu vipo vya kutosha: vya Ndanda na Peramiho vyenye majalada yaliyofifia, na vipya vya Paulines kutoka Nairobi. Shida yetu, basi, si uhaba wa vitabu. Tunavisoma vibaya, nami nikiwa wa kwanza.

Miaka michache iliyopita nilisoma kitabu kimoja cha kutia moyo, kilichotafsiriwa kutoka ng'ambo, kikanifurahisha mno. Jumapili ile nilihubiri karibu ukurasa mzima. Baada ya Misa mama mmoja mtu mzima akanijia, akasema: "Baba, maneno ni matamu. Lakini jirani yangu Mwislamu amefiwa na mwanawe jana. Nikienda matangani, nimwambie lipi katika hayo?" Nilikosa jibu. Nilikuwa nimekusanya maneno ya kutamka, sikuwa nimejifunza kukaa na mtu anayelia. Mama yule alikwenda, akaketi na wanawake wenzake, akasaidia kuosha vyombo. Hakusema mengi.

Tangu siku hiyo nimeirudia mara nyingi habari ya Filipo katika sura ya nane ya Matendo ya Mitume. Ofisa wa malkia wa Kushi yumo garini mwake, anamsoma nabii Isaya kwa sauti. Angalieni utaratibu wa Filipo. Anakimbia hadi karibu na gari, anasikia kinachosomwa, anauliza kama msomaji anaelewa. Hapandi mpaka amekaribishwa. Tena anaanza kueleza kutoka andiko lile lile alilofikia mwenziwe, wala halitafuti analolipenda yeye. Wengi wetu tungeyaruka hayo yote na kuanza na hotuba.

Isitoshe, tunao walimu karibu nasi. Nani kati yenu hajasikia darsa la msikitini baada ya sala ya magharibi? Mwalimu hushika kitabu kimoja, husoma maneno machache, akayaeleza, akaulizwa, kisha akaendelea. Kitabu kimoja huweza kuchukua miezi mingi. Sisi hukimaliza kwa juma moja, tukakirudisha kabatini, tukasahau hata jina la mtunzi. Sioni aibu kusema kuwa katika hili Waislamu wenzetu wametutangulia.

Visiwani hapa kusoma pamoja na jirani si jambo geni. Edward Steere wa Kanisa la Anglikana, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, na mwaka 1870 akachapisha hadithi walizomsimulia. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, kadhi na mwanachuoni mzaliwa wa Barawa, alijadiliana na wamisionari juu ya dini wala hakuficha msimamo wake. Hata hivyo alimsaidia Steere katika kazi ya kutafsiri Maandiko. Kila mmoja alibaki na imani yake. Nasi leo tukisema imani, dhambi, rehema, sala, tunasema maneno yale yale ayasemayo jirani msikitini.

Msidhani nazungumzia adabu tu. Tarehe 17 Februari 2013, Jumapili asubuhi, Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi huko Unguja, akienda kuadhimisha Misa. Juma lile nilipokea kwa simu habari za kila namna, kila moja na mtuhumiwa wake, wala hata moja haikuwa na jina la mwandishi. Nakiri kwamba mojawapo nilimpelekea mwenzangu kabla sijaisoma hadi mwisho. Kesho yake nikajua kuwa ni uongo, na kwa wakati huo ilikwisha kufika nisikoweza kuifuata. Mimi, niliyefundishwa seminarini miaka mingi namna ya kusoma!

Mwaka 1967 Kanisa lilianza kuadhimisha Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, kama Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulivyoagiza. Kwa mwaka 2022 Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alichagua mada ya kusikiliza kwa sikio la moyo. Ujumbe wake ni mfupi, nao ndio nataka tuanze nao.

Kuanzia Alhamisi ijayo, kila jumuiya iusome kwa sauti, aya moja kwa jioni moja, msomaji awe kijana. Anayetaka kuchangia aanze kwa kurudia aliyoyasema mwenzake aliyetangulia, mpaka mwenzake akubali kuwa ndivyo alivyosema. Itachosha, na wengine mtaniona nimewarudisha darasa la kwanza. Simu zikae kikapuni mlangoni, yangu itatangulia.

Mama niliyemtaja amekubali tuanzie nyumbani kwake. Ameniuliza kama jirani yake yule aliyefiwa aweza kuketi nasi barazani. Nimemjibu kuwa sioni kizuizi, ila amuulize kwanza jirani mwenyewe.