Mji Usioweza Kufichika

Jumapili ya 5 ya Mwaka A. Masomo: Isa 58:7-10, 1 Kor 2:1-5, Mt 5:13-16



Wapendwa wasikilizaji, katika Injili ya leo Bwana wetu anawaambia wanafunzi wake kwamba wao ni chumvi na nuru, tena anawafananisha na mji uliojengwa mlimani. Twapenda leo kusema hasa nanyi walimu mnaofundisha historia, iwe katika shule za sekondari au katika seminari ndogo, kwa sababu mfano huo wa mji umesafiri mbali. Vijana wengi huusikia kwanza kutoka kwa wanasiasa wa Marekani. John Kennedy, Mkatoliki mwenzetu, aliutumia Januari 1961, siku chache kabla ya kuapishwa kuwa Rais. Ronald Reagan akaurudia Januari 1989 alipokuwa akiliaga taifa lake. Wote wawili walimtaja mtu aliyewatangulia kuutumia, yaani John Winthrop. Ajabu ni kwamba Winthrop aliutoa kama onyo, wala hapakuwa na majivuno ndani yake.

Mtu huyu alikuwa nani? Alikuwa mwanasheria wa Kiingereza, mmoja wa wale walioitwa Wapuritani, yaani watu waliotaka kulitakasa Kanisa la Anglikana kwa kuliondolea kila kilichowakumbusha Roma: maaskofu, mavazi ya ibada, hata ishara ya msalaba wakati wa ubatizo. Wanafunzi huwachanganya na abiria 102 wa merikebu Mayflower, waliotua Plymouth mwaka 1620, na ambao karibu nusu yao walikufa katika majira ya baridi ya kwanza. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kujitenga kabisa na Kanisa lile. Winthrop na wenzake walifika mwaka 1630 wakiwa na hati ya Mfalme Charles wa Kwanza, merikebu 11 na watu wapatao 700, wakaanzisha mji wa Boston. Kwa muda wa miaka 10 hivi, Waingereza wapatao 20,000 waliwafuata.

Hotuba ya Winthrop ya safari ile ilihusu upendo. Alisema kwamba Mungu ameruhusu kuwepo tajiri na maskini ili wahitajiane, na kwamba katika nchi mpya mwenye nacho hana budi kukopesha hata pale asipotazamia kulipwa, na kujinyima anasa ili mwenzake apate riziki. Alimtaja nabii Isaya, sura ile ile ya 58 tuliyoisoma leo, juu ya kumgawia mwenye njaa mkate. Mwishoni ndipo akautaja mji wa mlimani: watu wote wanatutazama, nasi tukilivunja agano letu na Mungu, aibu yetu itasimuliwa ulimwenguni kote. Hotuba hiyo haikupigwa chapa hadi mwaka 1838. Kwa miaka 200 hivi watu wachache sana waliijua, nao waliokuja kuipenda baadaye walipenda mlima wakausahau mkate.

Basi, kwa kuwa mji ule haufichiki, nasi tuutazame.

Tuanze na linalowahusu ninyi walimu. Walowezi hao hawakukawia kujenga shule. Mwaka 1635 walifungua shule ya Kilatini huko Boston, mwaka 1636 wakaanzisha chuo kilichokuja kuitwa Harvard, na mwaka 1647 wakatunga sheria kwamba kila mji wenye kaya 50 umweke mwalimu wa kusoma na kuandika. Sababu waliyoiandika ni kwamba Shetani hupenda watu wasiyajue Maandiko. (Sheria ile ilieleza pia ni nani atakayemlipa mwalimu mshahara, jambo ambalo wengi wenu mtakubali kuwa ni la busara.)

Hata hivyo, mji huo uliojengwa na watu waliokimbia kubanwa katika ibada zao, ulianza upesi kuwabana wengine. Tangu mwaka 1631 haki ya kupiga kura ilikuwa ya waumini waliopokelewa kanisani peke yao. Mchungaji kijana, Roger Williams, alisimama akasema mambo mawili: kwamba serikali haina mamlaka ya kumwadhibu mtu kwa ajili ya imani yake, na kwamba Mfalme wa Uingereza hakuwa na haki ya kugawa ardhi ya wenyeji ambayo hakuinunua. Mwaka 1635 mahakama ikaamuru afukuzwe. Januari 1636, katikati ya theluji, alikimbia, akahifadhiwa na wenyeji, kisha akapewa ardhi na wakuu wa Wanarragansett, Canonicus na Miantonomi, mahali alipopaita Providence. Hapo kila mtu aliabudu kama dhamiri ilivyomwongoza. Lakini jambo ambalo tungependa mwanafunzi asilikose ni hili: Williams mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliyemwandikia kwa siri, akimshauri aelekee upande ule, alikuwa Winthrop. Mtu mmoja, moyo mmoja, alikubaliana na waliomfukuza ndugu yake na papo hapo akamwonyesha njia ya kuokoka.

Mwaka uliofuata, Winthrop akiwa tena gavana, moyo huo haukuonyesha huruma hiyo kwa Anne Hutchinson, mkunga na mama wa watoto wengi, aliyekuwa akiwakusanya watu nyumbani kwake kuyajadili mahubiri ya wachungaji. Novemba 1637 Winthrop mwenyewe aliongoza kesi yake, na mama huyo akahukumiwa kufukuzwa. Hukumu ile ilifutwa na gavana wa Massachusetts mwaka 1987, yaani miaka 350 baadaye.

Mwaka huo huo wa 1637 kulitokea jambo zito zaidi. Alfajiri ya tarehe 26 Mei, askari wa Kiingereza, pamoja na wenyeji waliokuwa upande wao, walikizingira kijiji cha Wapequot kando ya mto Mystic, wakakichoma moto. Walikufa watu wapatao 400 au zaidi, wakiwamo wanawake na watoto. Wanarragansett, waliokuwa maadui wa Wapequot, waliona kwamba vita ya namna hiyo inaua kupita kiasi. Kamanda mmojawapo, John Underhill, alichapisha kitabu mwaka 1638 akijitetea kwa Maandiko Matakatifu. Mkataba uliofuata ulipiga marufuku hata jina la Wapequot lisitajwe tena. Baadhi ya mateka walisafirishwa kuuzwa utumwani katika merikebu iliyoitwa Desire, na Februari 1638, kama Winthrop alivyoandika katika kumbukumbu zake za kila siku, merikebu hiyo ilirudi kutoka visiwa vya Karibi ikiwa na pamba, tumbaku na Waafrika. Mwalimu Mwafrika atakapofika mstari huo asiuruke. Wala asiache kuwaambia wanafunzi wake kwamba Wapequot wapo hata leo, huko Connecticut, na jina lao wanalo.

Nasi Wakatoliki je? Mwaka 1647 Massachusetts iliwapiga marufuku Wajesuiti; aliyefukuzwa akirudi, adhabu yake ni kifo. Kati ya 1659 na 1661 waliwanyonga Marafiki wanne, watu wa madhehebu ambayo leo yana waumini wengi magharibi mwa Kenya. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1650, sheria ile ikiwapo, Mjesuiti Gabriel Druillettes alifika Boston kama mjumbe wa Wafaransa. Mwenyeji wake alimpa ufunguo wa chumba asali faraghani. Mchungaji John Eliot alimkaribisha akae naye majira yote ya baridi. Naye William Bradford, gavana wa Plymouth, kwa kuwa siku ile ilikuwa Ijumaa, alimwandalia samaki. Sisi tunaipenda sana sahani hiyo ya samaki. Haiifuti sheria ya 1647, wala sheria hiyo haiifuti.

Wala asiwepo Mkatoliki wa kuzisikiliza habari hizi kwa furaha ya siri. Katika karne hizo wafalme Wakatoliki nao waliwafukuza na kuwaua watu kwa ajili ya imani yao, na Kanisa letu lilitamka bayana haki ya kila mtu ya uhuru wa dini katika tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Desemba 1965. Williams alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 280.

Walimu wapendwa, vishawishi ni viwili. Kimoja ni kumfundisha kijana kwamba hao walikuwa watakatifu waliokimbia mateso. Cha pili, kilicho rahisi zaidi siku hizi, ni kumfundisha kwamba walikuwa wanafiki basi. Wa kwanza, siku atakaposoma habari za Mystic, huenda akaitupa imani pamoja na kitabu. Wa pili atajifunza kudhani kwamba ukatili ni kazi ya watu wasioamini wanachokisema, na kwa hiyo hatajichunguza kamwe, maana yeye anaamini kwa dhati. Winthrop pia aliamini kwa dhati.

Mwalimu akibakiwa na kipindi kimoja tu, na akitumie kwa Samuel Sewall. Mwaka 1692, huko Salem, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, na mzee mmoja aliuawa kwa kulundikiwa mawe. Vijana wetu hawatacheka, maana wapo bibi vizee waliouawa katika vijiji vyetu kwa tuhuma hiyo hiyo. Sewall alikuwa mmoja wa mahakimu. Tarehe 14 Januari 1697, siku ya mfungo, alimkabidhi mchungaji wake karatasi, kisha akasimama mahali pake kanisani, mbele ya watu wote, wakati maungamo yake yakisomwa: kwamba anaipokea lawama na aibu ya hukumu zile, na anaomba msamaha kwa Mungu na kwa wanadamu. Mwaka 1700 alichapisha kijitabu cha kupinga kuwafanya Waafrika watumwa, akikiita kwa habari za kuuzwa kwa Yosefu. Hakimu mkuu wa mahakama ile ya Salem, William Stoughton, hakuomba radhi, akafa mwaka 1701. Sewall aliendelea kuketi mahakamani, na mwaka 1718 akafanywa jaji mkuu wa Massachusetts.