Betri Ndani ya Spring Drive



Mwezi wa kumi, bonasi ya chai ilipoingia, shemeji yangu, mwalimu mstaafu wa Othaya, alikwenda kwa fundi wa saa pale Karatina. Akavua saa mkononi, akailaza juu ya kitambaa cha fundi. Alitaka mkanda upunguzwe vipande viwili, basi. Saa ilikuwa imeandikwa Grand Seiko, na chini yake, kwa herufi ndogo, Spring Drive. Aliinunua shilingi elfu hamsini na tano kutoka kwa mtu aliyeelekezwa kwake na mtu mwingine. Alilipa kwa simu, na risiti hakupewa.

Fundi hakuugusa mkanda. Alibana kile kioo chake jichoni, akautazama mshale wa sekunde ukiruka, tik, tik, tik. Kisha akaigeuza saa na kufungua mgongo wake. Ndani mlikuwa na betri ndogo, bapa, inayong'aa kama kifungo cha shati.

"Mwalimu," akasema polepole, "Spring Drive haitumii betri."

Na fundi alisema kweli. Mhandisi Yoshikazu Akahane alianza kuiwaza mashine hiyo mwaka wa 1977, akaijaribu tena na tena. Ilipotoka sokoni mwaka wa 1999, yeye alikuwa ameshafariki. Ndani yake mna springi, kama ile ya saa za babu zetu, na katika nyingi hujikaza kadiri mkono unavyotembea. Kasi yake ndiyo inayodhibitiwa na kipande cha kwatzi na breki ya sumaku. Ndiyo maana mshale wake wa sekunde hauruki hata kidogo. Unateleza, kimya, kama mwewe aliyetandaza mbawa juu ya Nyandarua. Mshale ukiruka chini ya jina hilo, huna haja ya kufungua mgongo. Saa imejisema yenyewe.

Nilipoisimulia habari hii, watu wawili watatu waliniambia mwalimu alijitakia. Mzee wa kijijini anatafuta nini na saa ya Kijapani ya bei kubwa? Nawakatalia. Seiko 5 ilitoka mwaka wa 1963, na mikononi mwa walimu, makarani na madereva wa nchi hii ilikaa kama sehemu ya mwili. Ninayo ya marehemu baba. Namba iliyochongwa mgongoni inaanza na 1, kisha herufi N: tarakimu ya kwanza ni ya mwaka, inayofuata ni ya mwezi, na N ni Novemba. Novemba 1981. Kioo kimekwaruzika hadi siku ya wiki haisomeki vizuri, lakini ukiitikisa inaamka. Nikiwa mtoto baba alinifundisha kuisoma: mshale mfupi ukiwa kwenye 7, sema saa moja. Wajapani waliandika saba, sisi tukasoma moja, kwa kuwa hapa karibu na Ikweta jua halina siku ya kuchelewa, na saa zetu tunazihesabu tangu linapochomoza.

Mtu aliyelelewa na saa kama hiyo akitamani dada yake mkubwa, Grand Seiko, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1960, kosa lake ni lipi? Tena hizi ni saa za watu wa milimani kama sisi. Kule Shizukuishi, katika mkoa wa Iwate, zinatengenezwa saa ambazo nyuso zake zimechorwa mikunjo ya Mlima Iwate. Ipo nyingine, isiyotoka huko, Snowflake, yenye uso mweupe unaofanana na theluji iliyopitiwa na upepo. Anayeamka Naro Moru asubuhi isiyo na mawingu akakiona kilele cha Batian anaelewa mara moja.

Taabu ni kwamba Snowflake hiyo mpya hupita dola 5,000, yaani zaidi ya shilingi laki sita, ng'ombe watatu wazuri wa maziwa. Na kuanzia Nyeri hadi Nanyuki, shuka Kerugoya, zunguka Embu na Meru, hutapata duka la wakala wake. Pengo hilo ndilo wauza feki wanamoingilia. Sheria ya mwaka 2008 inakataza bidhaa bandia, lakini muuzaji aliyezima simu utamshtaki kwa jina gani?

Wengi wetu tunamwona wakala kama mtu wa kiyoyozi na milango ya vioo. Kazi yake hasa ni kuwa mtu wa kurudiwa. Anajaza kadi ya dhamana: namba ya saa, tarehe, jina la duka. Saa ya springi kama hii inahitaji kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miaka michache, na Spring Drive si ya kufunguliwa kibandani, hata fundi awe hodari vipi. Itafungwa, isafirishwe nje, na gharama ni yako. Kwa hiyo ningekaa Othaya ningechagua Grand Seiko ya betri, ile ya mashine ya 9F. Hiyo mshale wake unaruka kwa haki. Inakosea sekunde kumi tu kwa mwaka, juu au chini, na betri hukaa kama miaka mitatu.

Kama una ndugu London au Dubai, kampuni imetangaza mawakala wake huko. Aingie dukani mwenyewe, akutumie picha ya kadi na ya mgongo wa saa, usome namba zote mbili kabla hajatoka. Ikifika uwanja wa ndege itangazwe forodhani, ulipe ushuru na VAT ya asilimia 16. Uchungu, naam. Lakini karatasi hizo ndizo zitakazokutetea siku utakapotaka kuiuza au kuitengeneza.

Na kuna mtu tunayemsahau kabisa. Fundi wa Karatina tunampa shilingi mia mbili atie betri, tunaondoka bila kumsalimia vizuri. Mwalimu alipita mbele ya kibanda kile miaka thelathini. Alituma elfu hamsini na tano kwa mtu asiyemjua kabla ya kumwuliza mtu anayemjua swali moja la bure. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Mwalimu hajaacha kuitaka saa yake. Binti yake anarudi kutoka Uingereza Desemba ya mwaka kesho, na wameshaanza kuweka akiba. Siku ile kibandani alimwomba fundi amwandikie mambo ya kukagua. Fundi alichana kipande cha boksi la betri, akaandika manne kwa kalamu ya risasi, la kwanza likiwa mshale wa sekunde. Mwalimu akakisoma mara mbili, akakitia mfuko wa shati pamoja na kitambulisho, akafunga kifungo.