Mzigo wa Mtoto: Burton, Puge na Nadharia za Makuzi

Nadharia za makuzi ya binadamu hutafuta jibu la swali moja kubwa: mtoto huupata wapi uwezo anaouonyesha katika kila umri? Freud na tamaa za utotoni, Erikson na hatua zake 8, Piaget na zake 4, ni mambo yanayojulikana na kila aliyepita darasa la saikolojia. Lisilojulikana sana ni dai kongwe lililotolewa kuhusu watoto wa Unyamwezi, ambalo vitabu vya utangulizi huliruka.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857. Katika kitabu chake cha 1860 kuhusu nchi za maziwa, alieleza kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba mtoto wa miaka 6 au 7 alikuwa tayari anabeba pembe ndogo ya ndovu begani. Mpaka hapo Burton ni shahidi wa kuthaminiwa. Anataja umri, anataja ukubwa wa mzigo, anataja hata kiungo kinachoubeba; wasafiri wachache wa zama zake walimtazama mtoto kwa makini kiasi hicho. Kisha anaharibu. Anasema watoto hao ni wapagazi kwa silika, mithili ya mbwa wa kuwindia anayezaliwa na kazi yake.

Dai hilo halina miguu. Misafara ya Wanyamwezi ilianza kufika pwani karibu na mwaka 1800. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na upagazi wa biashara wa masafa marefu ukafifia. Ni silika gani hiyo, inayozaliwa pamoja na biashara ya pembe na kuzikwa na garimoshi? Huko Puge, karibu nusu ya njia baina ya Tabora na Nzega, wajukuu na vitukuu wa wapagazi wa zama hizo wanachunga ng'ombe, wanalima, wanaendesha bodaboda. Tena ushahidi wa Burton unampinga mwenyewe. Mzigo wa mpagazi mzima ulikaribia frasila 2, yaani kilo 30 na ushei. Kama ubebaji ungekuwa wa kuzaliwa nao, kwa nini pembe ya mtoto iwe ndogo? Kuna mtu mzima aliyemkadiria mtoto nguvu zake kwanza, ndipo akamchagulia mzigo. Huko ni kufundisha.

Kosa lenyewe halikufa na Burton. Mwaka 1957 Marcelle Geber na mwenzake waliripoti kwamba watoto wachanga wa Uganda waliwatangulia wa Ulaya kimwili, na wapo waliodhani ni urithi wa damu. Charles Super alipochunguza Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, katika utafiti uliochapishwa 1976, aliwakuta akina mama wakiwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi. Watoto walitangulia katika hayo. Katika kutambaa, ambako hakukutiliwa mkazo, hawakutangulia.

Haki itendeke hata kwa Burton: umri alioutaja haukutokea kwa bahati. Barbara Rogoff na wenzake, mwaka 1975, walipitia kumbukumbu za jamii 50 na kuona kwamba mahali pengi watoto huanza kukabidhiwa majukumu kati ya miaka 5 na 7. Piaget naye aliweka badiliko kubwa la fikra karibu na miaka 7. Basi ukomavu upo. Lakini ukomavu unaeleza kwa nini ni miaka 7 na si 3. Hauelezi kwa nini ni pembe na si ng'ombe. Hilo la pili linamhitaji Vygotsky, aliyefundisha kwamba mtoto hukua katika yale anayoyaweza akisaidiwa na anayemzidi ujuzi. Mhadhiri anayeandika haya, aliyewahi kufuata nyuma ya bibi yake na kidumu kidogo cha maji, hawezi kudai kwamba hana upande: kazi iliyopimwa, ifanywayo kando ya mkubwa, inajenga akili. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inakataza kazi inayomdhuru mtoto, na ni sawa. Kinachokatazwa ni mzigo uliokosa kipimo.

Swali lililopuuzwa kabisa ni la wasichana. Wapagazi wengi waliondoka kiangazi, baada ya mavuno, na kukaa mbali miezi kadhaa. Mama alibaki na shamba, kuni na maji. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni mwa nani? Mary Ainsworth, aliyechunguza familia 26 karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo cha usalama anakotoka kwenda kuchunguza mazingira yake. Kwa Afrika Mashariki picha hiyo haijakamilika. Thomas Weisner na Ronald Gallimore walionyesha mwaka 1977 kwamba katika jamii nyingi ulezi wa kila siku hugawanywa na ndugu wakubwa, hasa dada. Mlezi huyo ni mtoto anayekua huku akimkuza mwingine, na hatua za Piaget zinazohesabu akili ya mtoto mmoja mmoja hazina mahali pa kumweka.