MOTA INAYOFAA KWA UKUTA WA MAWE NA UKUTA WA MATOFALI
(Maneno ya mazungumzo kwa mafundi waashi na wenye nyumba)



Miongoni mwa waashi na wenye nyumba imeenea dhana kwamba mota ikizidi saruji huzidi ubora. Dhana hiyo inastahili kusahihishwa kabla ya jambo jengine lolote, kwa kuwa madhara yake huonekana baada ya miaka, wakati fundi amekwisha kulipwa na kuondoka.

Kazi ya mota ni kulaza jiwe juu ya jiwe, kueneza uzito sawasawa na kuziba nafasi zisipitishe maji. Ukuta nao hautulii moja kwa moja: ardhi hutitia, jua huutanua na baridi ya usiku huurejesha. Mota iliyo laini kidogo kuliko jiwe huacha ufa utokee katika kiungo, na kiungo hutengenezeka kwa mwiko. Mota iliyo ngumu kuliko jiwe huusukuma ufa upite katika jiwe lenyewe. Hivyo basi, kanuni ya kwanza ni kwamba nguvu ya mota isizidi nguvu ya kile inachokiunga.

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko zilizoingizwa ndani ya kuta. Kuta hizo hunyonya unyevu kutoka ardhini pamoja na chumvi. Chokaa huuacha unyevu huo utoke nje na kukauka kwa upepo. Ukuta kama huo ukipigwa lipu ya saruji, au viungo vyake vikajazwa saruji, maji hukosa njia, hupanda juu zaidi, chumvi hulila jiwe kwa ndani, na ncha za boriti huoza bila ya kuonekana. Nje ukuta hupendeza; ndani unakufa.

Kwa mintarafu hiyo, ukuta wa mawe utengenezwe kwa chokaa. Chokaa izimwe vyema ndani ya shimo na ibakie chini ya maji kwa wiki kadhaa, kwani punje isiyozimika huvimba baadaye na kubandua lipu. Wakati wa kuzima, chokaa ndiyo itiwe katika maji, wala si maji kumiminwa juu ya chokaa, na fundi ajikinge macho na mikono, kwa sababu huchemka na kuunguza. Kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga. Mawe yaroweshwe kwanza, nafasi kubwa zijazwe kwa tabaka nyembamba, na kazi ifunikwe kwa magunia yenye maji. Chokaa haigandi kwa haraka. Hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, jambo linalochukua wiki na miezi. Kazi hiyo isianzwe masika yakikaribia.

Ukuta mpya wa matofali ya saruji una hukumu yake. Hapo saruji inafaa, lakini kwa kiasi. Kwa ukuta wa kawaida ulio juu ya msingi, sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 6 za mchanga inatosha. Ikipatikana chokaa, mchanganyiko wa 1 ya saruji, 1 ya chokaa na 6 za mchanga hulainika kwa mwiko na hupunguza nyufa. Vipimo vichukuliwe kwa ndoo, wala si kwa pauro, kwani pauro moja hailingani na nyengine. Tofali la saruji lisiroweshwe. Lifutwe vumbi na kunyunyizwa maji kidogo tu. Tofali la kuchoma ndilo la kuroweshwa. Kiungo kiwe cha unene wa sentimita 1 hivi. Mota ya saruji itumike ndani ya muda wa saa 2 tangu kutiwa maji. Iliyoanza kuganda itupwe, isifufuliwe kwa maji mapya. Ukuta unyunyizwe maji kwa siku 7.

Mchanga nao uangaliwe. Mchanga wa pwani una chumvi, huvuta unyevu na kutoa madoa meupe, tena kuuchota huharibu fukwe. Mchanga wa shimo ujaribiwe: utiwe katika chupa ya maji, utikiswe na uachwe utulie. Tabaka la tope likionekana nene juu ya mchanga, mchanga huo uoshwe au uachwe.

Ndugu wananchi, tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo lililokamilika mwaka 1883, ilianguka na watu 2 wakapoteza maisha. Ajali ile haitajwi hapa kwa ajili ya kutoa hukumu juu ya chanzo chake, bali kwa kukumbusha kwamba kuta hizi zina watu ndani yake. Ufa unaopanuka, ukuta unaotoka tumbo au sakafu inayotitia si kazi ya kufichwa kwa lipu. Sababu ijulikane kwanza, ndipo mwiko ushikwe.

Mwenye nyumba katika Mji Mkongwe anatakiwa kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kuanza matengenezo. Kibali kisionekane kuwa kikwazo. Ni nafasi ya kupata ushauri kabla ya fedha kutumika. Nyumba iliyorithiwa kwa wazee inapaswa kurithishwa kwa watoto ikiwa imesimama.